Lexus: Gari la kifahari na duka lake

Toyota Harrier, gari linalofahamika sana Afrika Mashariki, liliingia katika soko la Marekani mwaka 1998 kwa jina la Lexus RX. Tofauti kubwa ilikuwa duka na huduma.

Honda ndiyo iliyotangulia: mwaka 1986 ilizindua Acura nchini Marekani, ikiwa na mawakala wake wa pekee. Toyota ikafuata na Lexus mwaka 1989, ili mnunuzi tajiri asihudumiwe pamoja na wateja wa magari ya kawaida. Desemba mwaka huohuo, hitilafu zilipobainika katika magari takriban 8,000 ya LS 400, mawakala waliyafuata majumbani, wakayatengeneza na kuyarudisha yakiwa yameoshwa. Aibu ikageuka kuwa sifa.

Japani kwenyewe, gari hilohilo liliuzwa kama Toyota Celsior hadi mwaka 2006, baada ya maduka ya Lexus kufunguliwa huko mwaka 2005.

Kwa mkazi wa Gatete, Rumonge, anayetafuta gari lililokwishatumika, nembo haiji na wakala wake. Kabla ya kulipia jina, yafaa aulize kwanza vipuri vinapatikana wapi, na fundi ni nani.