Ngome ya Siyu

Ngome ya Siyu ni boma la mawe ya matumbawe la karne ya 19 katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, kaunti ya Lamu, Kenya. Limesimama kando ya hori yenye mikoko. Siyu, chini ya Bwana Mataka na wanawe, ilipinga kwa miaka mingi utawala wa Zanzibar, ikashindwa mwaka 1863, enzi ya Sultani Sayyid Majid. Mji huo ulisifika pia kwa kazi za ngozi, milango ya nakshi na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Wageni hutoka Lamu kwa mashua kupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Saa ya safari huamuliwa na maji, kwani yakitoka, hori haipitiki.