Kutoka tipoyi hadi Senke: historia ya pikipiki kwenye vilima vya Nyankunde

Mgonjwa anayetoka Gety kwenda hospitali ya Nyankunde hupakiwa katikati. Mbele yuko motari, nyuma yuko ndugu anayemshika kiunoni, na mguu uliovunjika umefungwa kwa vipande vya mbao na kitenge. Pikipiki ni Senke ya China au TVS ya India. Babu wa mgonjwa huyo angepita njia hiyohiyo juu ya tipoyi, mabegani mwa wanaume wanne wanaopokezana na wengine wanne. Kati ya tipoyi na Senke kuna historia ambayo haijapewa nafasi inayostahili, na mahali pazuri pa kuifuata ni Nyankunde penyewe.

Mji huo mdogo uko karibu kilomita 45 kusini-magharibi ya Bunia, katika uchifu wa Andisoma, wilaya ya Irumu, jimbo la Ituri, Kongo. Kusini yake njia huingia milima ya Walendu Bindi kuelekea Gety na Aveba. Mashariki, upande wa Bogoro, nchi ya juu inakatika ghafla na kuanguka hadi Ziwa Albert. Bunia iko mita zipatazo 1,275 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye mita 619, na tofauti hiyo yote hulipwa kwa kona, kwa breki na kwa jasho.

Kwa muda mrefu njia hizi zilikuwa za miguu tu. Desemba 1887 mpelelezi Henry Morton Stanley alitokeza huku kwenye nyanda za majani baada ya miezi mingi ndani ya msitu wa Ituri. Msafara wake ulikuwa umeajiri zaidi ya watu 600 Unguja, na wao ndio waliobeba mizigo na bunduki kupita vilima hivi hadi ziwani. Miaka 16 baadaye, mwaka 1903, dhahabu ikaonekana Kilo, na Wabelgiji wakataka barabara. Barabara zikalimwa kwa jembe na kikapu na watu waliolazimishwa kufanya kazi hiyo. Nyingi zilifuata mgongo wa kilima ili maji ya mvua yapate pa kwenda, ndiyo maana hadi leo mpandaji huziona zikijipinda kama utumbo. Ofisa wa serikali alipita kwa tipoyi, baadaye kwa gari. Pikipiki zilikuwa chache, za mapadre, wamisionari na mabwana shamba, na mtoto wa kijiji alikimbia nyuma ya vumbi lake akijua kwamba si chombo cha kwao.

Mabadiliko yalianzia hospitalini. Baada ya uasi wa Simba wa 1964 kuacha zahanati na hospitali nyingi za kaskazini-mashariki zikiwa magofu, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikubaliana kujenga kituo kimoja kikubwa hapa Nyankunde badala ya kila moja kuhangaika peke yake. Dk. Carl Becker, Mmarekani aliyekuwa Kongo tangu 1929 na aliyejulikana sana kwa kazi yake katika hospitali ya Oicha, aliongoza kazi hiyo akiwa amepita miaka 70. Mwaka 1966 Dk. Helen Roseveare, Mwingereza aliyekuwa ameshikwa mateka na waasi, alirudi Kongo na kuja kufundisha wauguzi Nyankunde hadi 1973. Ndege ndogo za shirika la kimisionari la MAF ziliwapeleka madaktari kwenye hospitali za mbali. Lakini ndege hutua penye uwanja tu. Muuguzi aliyehitimu Nyankunde na kupangiwa zahanati mlimani alihitaji kitu cha kumfikisha huko.

Mwaka 1981, nchi ikiitwa Zaire, Kanisa la Kristo Zaire, kwa fedha za Marekani, lilianzisha mradi wa afya vijijini uitwao SANRU. Nchi ikagawanywa katika maeneo ya afya, na msimamizi wa kila eneo alipaswa kutembelea zahanati zake zote. Hapo ndipo pikipiki ilipopata kazi ya kudumu vijijini. Yamaha AG100, iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima, ilikuwa na mnyororo uliofunikwa usile mchanga, na kereya mbele na nyuma. Sanduku la barafu lenye chanjo lilifungwa nyuma kwa mpira wa tairi kuukuu. Kwa mama aliyekaa na mtoto wake chini ya mwembe akisubiri, sauti ya injini ile mlimani ilimaanisha chanjo ya surua imefika.

Wakati huohuo malori yalikuwa yanapungua. Novemba 1973 Rais Mobutu alitaifisha maduka na mashamba ya wageni, wakiwemo wafanyabiashara Wagiriki wa Bunia, na biashara nyingi zikafa mikononi mwa waliokabidhiwa. Ofisi ya Barabara ilikuwepo tangu 1971, ila mitaro haikuzibuliwa na madaraja yalioza. Pengo hilo lilijazwa na baiskeli, ambayo huku twaiita kinga. Wanaume walioitwa kumba-kumba walizipakia chumvi, sabuni na mafuta ya mawese, wakazisukuma kwa wiki nzima na zaidi kati ya Komanda na Kisangani, fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti. Kwa maoni yangu hao ndio wazee halisi wa motari wa leo. Walijua kila kilima, walilala pamoja, walivuka mito pamoja, na hakuna aliyemwacha mwenzake na tairi lililopasuka.

Kisha, vita vikiwa vimewaka Ituri, ikaja tarehe 5 Septemba 2002. Wanamgambo wa kabila la Wangiti, pamoja na wanajeshi wa APC, jeshi la kundi la waasi, waliivamia Nyankunde. Mauaji yaliendelea kwa siku kadhaa, wagonjwa wakiuawa vitandani, na waliokufa walizidi 1,000. Hospitali iliporwa hadi mabati. Walionusurika, wauguzi na wagonjwa wao, walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 100 hadi Oicha, wakiwabeba wasioweza kutembea. Baada ya miaka yote ile ya ndege na pikipiki, watu wa Nyankunde walirudishwa kwenye bega la binadamu.

Hospitali ilifufuka polepole miaka iliyofuata, na pikipiki ilirudi ikiwa na sura nyingine. Kati ya 2004 na 2005 maelfu ya vijana wa Ituri walisalimisha silaha, na wengi waliishia kushika usukani wa pikipiki za kubeba abiria. Wakati huohuo wafanyabiashara wa Butembo na Bunia walikuwa wameifahamu njia ya Guangzhou, China. Pikipiki zilishuka Mombasa, zikapita Uganda, zikaingia kwa Mahagi au Kasindi zikiwa vipande ndani ya makasha ya karatasi, mafundi wakaziunga barazani. Aliyekosa fedha alicheza likirimba, yaani mchango wa kupokezana, na wenzake, au alichukua pikipiki ya tajiri na kumpelekea hesabu kila jioni. Kadafi, muuza petroli wa barabarani, akapanga chupa zake za esansi kando ya njia, kwado, mziba tairi, akatundika tairi kuukuu mtini, na kazi ikaanza.

Kupanda mlima kwa pikipiki hizi ni ujuzi wa kweli. Zimetengenezwa kwa ajili ya barabara za lami, lakini fundi huzibadilisha: huweka meno mengi zaidi kwenye gia ya nyuma ili ipande na mzigo, na huchomelea kereya ya chuma. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hugeuka sabuni. Hapo motari haendi peke yake. Huondoka watatu au wanne. Wa kwanza hutafuta mahali pa kupita, kwenye kingo za mfereji ambako majani bado yanashika tairi, na wengine hufuata alama yake. Mwenye pampu na spana hukaa nyuma ili asimpite aliyekwama. Kwenye mteremko huweka gia ya kwanza na kuiachia injini izuie. Anayetegemea breki ya mbele ataonja tope. “Mama, shuka kidogo,” utasikia, na mama hushuka na kupanda kilima kwa miguu na kikapu chake, huku motari wawili wakisukuma ya tatu.

Raha ipo pia, na sioni sababu ya kuificha. Wazungu husafiri mbali kwenda Stelvio huko Italia, penye kona 48 upande mmoja tu, ili wapande kwa kujifurahisha. Kijana anayeshuka kutoka Bogoro kwenda Kasenyi kuchukua samaki, asubuhi ya kiangazi, wenzake wakimfuata na ziwa lote likiwa limefunguka chini yake, anapata kitu kilekile, ingawa anarudi na makapu ya samaki.

Kwenda pamoja kuna sababu nyingine siku hizi. Tangu mapigano yaliporudi Ituri mwishoni mwa 2017, njia zimekuwa na waviziaji, na hali ya dharura iliyoanza Mei 2021 haikuwaondoa. Motari huulizana kwa simu kabla ya kuondoka, hungojana, hupita kwa kundi penye kichaka kinene. Kwenye barieri, vizuizi vya barabarani, hulipa, mara nyingi bila risiti. Ebola ilipofika Ituri mwaka 2018 walishushwa kwenye vituo kunawa mikono na kupimwa joto, na ni wao waliofikisha watoa chanjo kule gari lisikofika.

Chama cha motari huchangia mwenzao akivunjika mguu. Kofia ngumu bado hazivaliwi vya kutosha, na abiria karibu hawazivai kabisa, hivyo miongoni mwa wanaofikishwa Nyankunde wakiwa katikati, wamefungwa kitenge, wamo motari wenyewe, na anayewaleta huwa ni rafiki aliyekuwa nyuma yao kwenye kona.