Somo la Historia: Gari la Mtoto

Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na mwandishi wenu ashike kalamu.

Pita katika vichochoro vya Kashai, hapa mjini Bukoba, utamkuta mtoto na gari lake la kopo na waya, magurudumu yamekatwa katika kandambili mbovu. Mzazi hukemea: "Acha mchezo, kashike kitabu!" Basi leo tuulize: je, ule ni mchezo tu?

Gari lile lina mambo matatu: umbo, nguvu na amri.

Kwanza, umbo. Huku kwetu shina la mgomba, kopo na waya hutosha. Kule Denmark, seremala Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Kampuni yake, LEGO, iliandikisha mwaka 1958 tofali dogo la plastiki linaloshikana na lenzake, hata watoto, na watu wazima pia, wakajenga magari wapendavyo.

Pili, nguvu. Mwaka 1821 Michael Faraday, Mwingereza, mtoto wa mhunzi, alionyesha waya wenye umeme ukizunguka sumaku. Huo ndio mwanzo wa mota. Leo mota ndogo hupatikana ndani ya redio ya kaseti iliyokufa. Ukiipa betri huzunguka mbio, lakini haiwezi kulisukuma gari. Dawa yake ni mpira: uvishe kwenye mhimili mwembamba wa mota na kwenye gurudumu kubwa. Mbio hupungua, nguvu huongezeka.

Tatu, amri. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mjini New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Baadaye LEGO nayo ikauza mota za matofali yake pamoja na rimoti. Asiye na rimoti hutumia waya mrefu. Akibadilisha ncha zake kwenye betri, gari hurudi nyuma.

Sasa sikilizeni vema. Hapa Buhaya wahenga wetu waliyeyusha chuma. Mabaki ya tanuri zao yamechimbuliwa Katuruka, si mbali na mji huu. Kisha chuma cha madukani kikaingia, tanuri zikazimika, na vijana hawakurithi kazi. Katika miaka ya 1970 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wajenge tanuri tena. Wazee walilazimika kukumbuka kazi waliyoiacha kwa miaka mingi. Wangalikuwa wamekwisha kufa wote, nani angalituonyesha?

Elimu ya mikono hufa hivyo, taratibu, bila kelele. Haifi kwa ujinga wa watoto, bali kwa dharau ya wakubwa. Kitabu ni kizuri, tena cha lazima. Lakini mtoto aliyegeuza ncha za waya akaona gari likirudi nyuma, ataielewa sura ya umeme kitabuni kuliko aliyeikariri.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini mpira hupunguza mbio na kuongeza nguvu?
2. Ni ufundi gani wa wazee wenu ambao hakuna kijana anayeujua?
3. Redio mbovu iliyoko nyumbani kwako, utamfungulia nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.