Wasomaji walivyomhukumu Faulkner kwa riwaya moja

Tarehe 9 Februari 1931, kampuni ya Jonathan Cape na Harrison Smith ya New York ilitoa riwaya iitwayo Sanctuary. Mwandishi wake, William Faulkner wa Oxford, jimbo la Mississippi, alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa na mke, nyumba kuukuu aliyokuwa akiilipia kidogo kidogo, na madeni yaliyomfika shingoni. Vitabu vyake vya nyuma vilisifiwa na wachache na kununuliwa na wachache zaidi. The Sound and the Fury, ambayo leo inafundishwa vyuo vikuu duniani kote, ilitoka mwaka 1929 kwa nakala 1,789 tu. Hii mpya haikuchukua hata miezi miwili kuuza nakala nyingi kuliko hiyo na riwaya yake nyingine, As I Lay Dying, kwa pamoja. Na hapo Marekani ilikuwa imezama katika Mdororo Mkuu, watu wanapanga foleni ya mkate.

Siri ya mauzo hayo haikuwa ufundi wa sentensi. Watu walikuwa wameambiana kwamba kitabu ni kichafu.

Hakuna mahali kilipoumiza kama kwao mwenyewe. Oxford ulikuwa mji mdogo wa chuo kikuu, wenye mahakama katikati ya uwanja na makanisa pembeni, ambako kila mtu alimjua mtoto wa Murry Falkner (herufi ya "u" kwenye jina ni mtoto mwenyewe aliyeiongeza). Walimkumbuka kama kijana aliyeacha chuo, akapewa kazi ya posta akaiendesha ovyo, akawa anatembea mitaani bila salamu. Sasa kaandika kitabu ambamo wahalifu, mahakimu, wanawake wa kanisani na wanafunzi wa chuo wanafanana mno na watu wa pale. Husimuliwa kwamba baba yake, alipomwona msichana wa chuo amekikumbatia kitabu hicho, alimwambia hakimfai binti mwenye heshima. Mama yake, Maud, yeye alimtetea mwanawe. Na duka la dawa la pale mjini, lililokuwa likimsaidia kuuza vitabu vyake, inasemekana lilipata wateja waliotaka kifungwe kwanza kwenye karatasi ndipo watoke nacho barabarani.

Kisa chenyewe si kirefu. Miaka ile pombe ilipigwa marufuku Marekani nzima, na vijana wa familia bora waliinunua porini kwa wapikaji wa magendo. Temple Drake, mwanafunzi wa chuo na binti wa hakimu, anachukuliwa na kijana mlevi hadi kwenye gofu la nyumba ya mashamba ya zamani ambamo pombe hiyo inapikwa. Gari linagonga mti, kijana anamtoroka, naye anabaki mikononi mwa jambazi wa Memphis aitwaye Popeye (si yule baharia wa katuni anayekula mchicha). Popeye anaua mtu, anamtenda binti unyama, kisha anamfungia katika danguro mjini Memphis. Mauaji anabambikiwa Lee Goodwin, mpika pombe maskini. Wakili wake, Horace Benbow, anaamini kwamba ukweli ukisemwa mahakamani mteja wake atapona. Temple anapanda kizimbani na kusema uongo. Umati unamchoma Goodwin akiwa hai. Popeye naye ananyongwa Alabama, kwa mauaji ambayo hakuyatenda.

Mahakamani, gunzi la mahindi linaonyeshwa kama kielelezo cha unyama ule. Kwa kitu hicho kimoja Faulkner aliitwa kwa miaka mingi mtu wa gunzi, na watu ambao hawakuwahi kufungua ukurasa wake hata mmoja walijua hilo tu. Popeye naye hakutoka hewani. Memphis kulikuwa na jambazi wa kweli, Pumphrey, aliyeitwa kwa lakabu hiyohiyo, na Faulkner alisikia habari zake kwenye vilabu vya usiku vya mji ule.

Wahakiki wa New York waligawanyika. Henry Seidel Canby, mtu mwenye sauti kubwa wakati ule, aliandika katika Saturday Review mwezi Machi 1931 akimweka Faulkner katika kile alichokiita shule ya ukatili. Alikiri kwamba kipaji kipo, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Wengine waliona ni hadithi ya kutisha ya kawaida iliyovishwa lugha nzito. Ufaransa mambo yalikuwa mengine kabisa: tafsiri ilipotoka mwaka 1933, André Malraux aliiandikia dibaji akidai kwamba humo ndimo tanzia ya Kigiriki ilimoingia ndani ya riwaya ya upelelezi. Maelezo hayo ya Malraux yamenukuliwa mara nyingi mno, na ninadhani yanastahili. Wafaransa waliisoma bila kujiuliza jirani yao atasema nini.

Lakini msomaji aliyekiharibia kitabu hiki sifa kuliko wote hakuwa Canby wala wazee wa kanisa. Alikuwa Faulkner mwenyewe.

Mwaka 1932 shirika la Modern Library lilitoa chapa ya bei nafuu, likamwomba aandike utangulizi. Akaandika kurasa chache ambazo zimemwandama hadi kaburini. Alisema wazo la kitabu lilikuwa la bei rahisi kwa sababu alilitunga makusudi ili apate fedha. Alijiuliza, akasema, mtu wa Mississippi angependa kuamini nini kuhusu mambo ya kisasa, kisha akabuni kisa cha kutisha kuliko vyote alivyoweza kufikiria, akakimaliza kwa wiki kama tatu. Akampelekea mchapishaji, naye akamjibu kwamba wakikitoa hicho watafungwa jela wote wawili. Faulkner akakisahau, akaenda kufanya kazi ya usiku kwenye mtambo wa umeme wa chuo kikuu, akipakua makaa ya mawe.

Wahakiki walilichukua ungamo hilo kama hati ya kiapo. Kwa miaka mingi likawa jibu la haraka: ukiuliza Sanctuary ni kitabu cha namna gani, unaambiwa mwenyewe kasema ni takataka. Walisahau mambo mawili. La kwanza ni tarehe. Mswada wa mkono wake unaonyesha aliuandika kati ya Januari na Mei 1929, miezi mitano, si wiki tatu. La pili liko kwenye utangulizi huohuo, mwishoni, mahali ambapo wenye haraka hawakufika.

Huko mwishoni anasimulia kwamba kurasa za majaribio zilipomjia kutoka kwa mchapishaji, mwishoni mwa 1930, alisoma akaona ni mbaya sana, kwamba dawa ni mbili tu: kuzichana au kuandika upya. Chapa ilikuwa imeshapangwa, na kuipanga tena ni gharama. Alikubali kuchangia dola 270 kutoka mfukoni mwake, naye wakati huo hakuwa na kitu. Akakata, akapachika, akahamisha sura nzima. Alitaka, alisema, kitabu kisiviaibishe vile viwili vilivyotangulia. Kisha akawaomba wasomaji wakinunue na wawaambie rafiki zao. Mtu anayetafuta fedha tu halipi fedha ili kitabu ambacho kimeshakubaliwa kichelewe. Mimi naziamini zile dola 270 kuliko ungamo lote.

Kazi aliyoifanya kwenye kurasa zile inaonekana. Mwaka 1981 Noel Polk alihariri na kuchapisha matini ya awali, ile ya kabla ya marekebisho, na tangu hapo kila msomaji anaweza kulinganisha. Ile ya kwanza imejaa mawazo ya Benbow: ndoa yake, dada yake, manung'uniko yake. Ndani ya ile ya pili Benbow amepunguzwa, na hadithi inaanzia kwenye chemchemi porini. Mtu ameinama kunywa maji, jambazi anamtazama kutoka nyuma ya vichaka. Mfuko wa mmoja umetuna, na jambazi anataka kujua kuna nini. Ni kitabu. Silaha iko mfukoni mwa yule mwingine. Wanachuchumaa wakitazamana, maji katikati yao, kwa muda wa saa mbili. Msomaji ameshaelewa ni nani atashinda, wala hajaambiwa. Wapo wataalamu wanaoipenda zaidi ile ya kwanza. Kwangu haina mwanzo unaoukaribia ule wa chemchemi.

Fedha zenyewe, kwa njia, hakuzipata ipasavyo. Kampuni iliyochapisha ilifilisika, na sehemu kubwa ya mirabaha yake ikapotea nayo. Ndipo akaenda Hollywood kuandika filamu kwa mshahara. Mwaka 1933 Paramount ilitengeneza filamu kutokana na kisa hicho, The Story of Temple Drake, Miriam Hopkins akicheza kama Temple. Wasimamizi wa maadili ya filamu walikataza hata jina la riwaya lisitajwe kwenye matangazo. Filamu hiyo inatajwa miongoni mwa zile zilizofanya kanuni za udhibiti zianze kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934.

Mwaka 1947 ikatoka chapa ya jalada laini, senti 25, yenye picha ya kuvutia macho, na kitabu kikafika vituo vya mabasi na vibanda vya magazeti. Mwaka uliofuata polisi wa Philadelphia walivamia maduka ya vitabu na kubeba Sanctuary pamoja na vitabu vya Erskine Caldwell, James T. Farrell na wengine. Wauzaji watano walishtakiwa. Machi 1949 Jaji Curtis Bok aliwaachia huru. Alivisoma vitabu vyote tisa vilivyoletwa mbele yake, jambo ambalo waliovikamata hawakuwa na haja nalo, na hukumu yake bado inasomwa na wanasheria wa Marekani.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1949, aliyotangaziwa Novemba 1950, haikunyamazisha watu. New York Times lilionya katika tahariri yake kwamba wageni wasidhani maovu ya vitabu vya Faulkner ndiyo maisha ya Marekani nzima. Frederick Sullens, mhariri wa Jackson Daily News huko Mississippi, alimwona mtu wa kueneza uchafu. Hoja ya Kusini ilikuwa ileile ya 1931: unatuaibisha mbele ya watu. Ila watu walichomwa na umati Mississippi kweli, na hilo halikubuniwa na mwandishi. Oxford penyewe, mwaka 1908, umati ulimtoa mahabusu Nelse Patton, mtu mweusi, gerezani na kumuua. Faulkner alikuwa mtoto wa miaka kumi katika mji huo.

Katika miaka ya karibuni swali limehama. Wahakiki wa zamani, karibu wote wanaume, walimlaumu Temple: msichana mwepesi, mwongo, aliyeyataka. Tangu wanawake wengi waanze kufundisha riwaya hii vyuoni, wanauliza binti aliyefungiwa kwa wiki kadhaa na muuaji, kisha akaletwa mahakamani mbele ya baba yake na kaka zake, alikuwa na nafasi gani ya kusema kweli. Faulkner naye alirudi kwake mwaka 1951 na Requiem for a Nun, Temple akiwa mke wa yuleyule kijana mlevi. Albert Camus aliitengeneza ikawa tamthilia ya jukwaani Paris mwaka 1956.

Afrika Mashariki wengi wameionja riwaya hii bila kujua. George Orwell aliona mwaka 1944 kwamba No Orchids for Miss Blandish ya James Hadley Chase inafanana mno na Sanctuary, na vitabu vya Chase vimeuzwa miaka na miaka vikitandazwa chini kwenye barabara za Nairobi na Dar es Salaam. Chase alichukua binti aliyetekwa na jambazi asiye na huruma, akaacha mahakama, umati na mji.

Anayetaka kwenda kwenye chanzo aanze na sura ya kwanza, utangulizi wa 1932 ausome mwisho kabisa. Na kama nyumbani kuna watoto, kitabu hiki asikiache sebuleni.