Kimbunga Kikija, Hema la Kwenye Paa Linashuka Kwanza

Ukiwa Kiboriloni, kimbunga unaona ni habari za watu wa pwani. Ila gari la safari lenye hema juu ya paa halikai Moshi tu, linashuka hadi baharini. Na bahari yetu ina historia bana! Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Lindi ikapigwa 1952. Enzi hizo tahadhari ya kwenye simu ungeitoa wapi? Mei 2024, kabla Hidaya hajafika Mafia, TMA walishatangaza, boti za Zanzibar zikasimamishwa. Dereva mjanja alipata muda wa kushusha hema, kufunga valvu ya mtungi wa gesi, kujaza tenki na kuliondoa gari chini ya minazi (hapo ndo wengi hujisahau). Au kugeuza mapema, kabla maji hayajakata barabara.