Mafuriko na Sakafu ya Mto Njoro

Mto Njoro huanzia kwenye miinuko ya Mau Mashariki, hupita mji wa Njoro, kisha hushuka hadi Ziwa Nakuru, mwendo wa kilomita 60 hivi. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Kila kinachobebwa na mito ya Njoro, Makalia na Enderit huishia humo.

Kiangazi, sakafu ya mto sehemu za juu huonekana kama imejengwa kwa mawe matupu. Jiwe moja likiinuliwa, chini yake hukutwa changarawe ndogo, mchanga na udongo mweusi. Maji ya kila siku yameshazoa chembe ndogo za juu na kuacha mawe yaliyoyashinda, na mawe hayo sasa ni ngao ya kilichofichwa chini yake. Mvua kubwa ikinyesha Mau, ngao huvunjika. Mawe hutikisika, moja hung'oka na kubingirika, na shimo liliachalo hufungulia mchanga njia. Mchanga huenda ukirukaruka, tope huelea, mawe hubingirika, hukwama, hubingirika tena. Sakafu huchimbika hapa na kujaa pale, ingawa kwa kawaida kina cha mvurugo hakizidi mara chache ya unene wa mawe makubwa. Maji yakianza kupungua, mawe ndiyo hutua kwanza, kisha changarawe. Mchanga hujipenyeza katika mianya, na tope huja mwisho kuiziba. Jiwe la juu huenda likazikwa, na lililozikwa miaka mingi likaibuka.

Bonde la Ufa lina kioja chake. Nchi ya Nakuru ni ya volkeno, imefunikwa na majivu ya Menengai, na ndani ya majivu hayo mna mawe yenye vinyweleo, mepesi kiasi cha kuelea. Jiwe la aina hiyo lenye ukubwa wa ngumi huweza kufika mbali huku punje za mchanga mzito zikibaki nyuma. Anayepima nguvu ya mafuriko ya zamani kwa ukubwa wa mawe yaliyoachwa ukingoni atadanganyika asipoangalia pia uzito wake.

Zamani vyanzo vya mto vilikuwa ndani ya msitu wa jamii ya Waogiek, na mvua ilifika mtoni polepole. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi, Lord Delamere akiwa miongoni mwao, walifungua mashamba ya ngano huko Njoro. Pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye: makazi mapya ya miaka ya 1990, kisha mwaka 2001 serikali ikatoa zaidi ya hekta 35,000 za Msitu wa Mau Mashariki. Miteremko ililimwa, na udongo ukaanza kushuka na maji.

Mtu angedhani mchanga mwingi huigandisha changarawe mahali pake. Majaribio ya Peter Wilcock na Joanna Crowe, yaliyochapishwa Marekani mwaka 2003, yalionyesha kinyume: mchanga ukizidi kwenye sakafu, changarawe hung'oka kwa nguvu ndogo zaidi ya maji. Mto uliojaa mchanga namna hii unaweza kuvurugwa na mafuriko ya wastani ambayo awali yangepita juu kwa juu.

Wala si mafuriko pekee yanayoichanganya sakafu. Jude Mathooko wa Chuo Kikuu cha Egerton alichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu Mto Njoro, akaonyesha kwamba wachotaji maji na mifugo huvuruga sakafu kila siku. Kwato za ng'ombe huanza kazi kabla ya mvua.

Kusini zaidi, karibu na mji wa Mai Mahiu, mambo yalikwenda vingine. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli huko Old Kijabe, baada ya takataka na magogo kuziba njia yake chini ya tuta, yalifumuka kwa mkupuo na kuua watu zaidi ya 50. Mto unaopungua taratibu hupanga mzigo wake kwa zamu. Maji haya hayakupata nafasi hiyo: miamba, miti, mabati ya nyumba na tope vilitupwa pamoja, bila tabaka lolote.