Lusinga

Lusinga ni makazi ya mlimani kwenye uwanda wa juu wa Kibara, eneo la Mitwaba, jimbo la Haut-Katanga, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini mashariki ya Kolwezi. Ndipo palipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, na wakazi wake wengi ni walinzi wa hifadhi na jamaa zao.

Makazi yako zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nyasi zimetanda pande zote. Miti imebanana mabondeni tu, kandokando ya vijito vinavyoshuka kuelekea mto Lufira. Wakati wa kiangazi, hasa Juni na Julai, usiku huwa wa baridi kali. Kwenye nyasi hizo wamesalia punda milia wa mwisho nchini Kongo, na hilo pekee latosha kuipa Lusinga uzito.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1939 na utawala wa Ubelgiji. Mwaka 1975 ilipunguzwa hadi kilomita za mraba 11,730. Kati ya 1946 na 1949 msafara wa mwanasayansi Gaston-François de Witte ulikusanya hifadhini humo wanyama na mimea kwa ajili ya sayansi.

Mei 2004 wanamgambo wa Mai-Mai waliishambulia Lusinga na kuua watu, wakiwemo wa familia za walinzi. Tangu 2017 taasisi ya serikali ya uhifadhi, ICCN, inaiendesha Upemba pamoja na shirika la Forgotten Parks.